Mbuzi Waliolala kwa Kiema

Ndila alikuwa anarudi kutoka mtoni na mtungi wa maji mgongoni, ukanda umemkaza paji la uso. Mtu aliyebeba maji namna hiyo haoni mbali, huona chini tu. Kwa hiyo kitu cha kwanza alichokiona alipoingia bomani kwake ni kwato. Kwato za mbuzi, nyingi, zikipigapiga vumbi chini ya ghala, mahali ambapo asubuhi hapakuwa na mnyama. Akautua mtungi polepole, akauegemeza ukutani, ndipo akainua uso.

Walikuwa watatu. Majike wawili wa kahawia na beberu mmoja mweusi, wamefungwa kwa kamba mpya, wanono kuliko mbuzi yeyote aliyebaki Kyuso nzima mwaka huo wa ukame. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Mtu wa Ukambani akiona mbuzi wa namna hiyo wamefungwa kwenye boma lenye msichana, hajiulizi wamefuata nini. Hao ni mbuzi wa ntheo. Wakilala na wasirudishwe, wazee wamekubali maneno. Beberu akichinjwa, na mama wa msichana akala sehemu yake, basi msichana ni mke wa mtu, na hao wengine wenye vitabu vyao, mchungaji na chifu, watakuja baadaye kusema watakayosema.

Na msichana wa boma lile alikuwa mmoja tu, Mbula, mwenye miaka kumi na sita, ambaye saa hiyo alikuwa shuleni katika darasa la kidato cha pili.

"Baba Mbula," Ndila aliita. "Hawa wageni ni wa nani?"

Kiema, mumewe, alikuwa ameketi kivulini anachonga mpini wa jembe. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili na jembe halikuwa na kazi, lakini mpini aliuchonga.

"Ni wa Mzee Ndeti, ng'ambo ya mto," alisema. "Ni mambo ya kijana wake, Munyao. Yule wa ndengu."

Yule wa ndengu. Ndila alimjua vizuri. Mwanamume aliyepita miaka thelathini, mwenye lori la bluu aina ya kanta, aliyekuwa akinunua ndengu za watu wa Kyuso na kuzishusha kwenye stoo yake Kathonzweni, kule Makueni. Msimu uliopita alikuwa amesimamisha gari barabarani akampa Mbula simu, bure, akasema ni ya kumsaidia masomo. Ndila aliposikia habari ya simu ile alipaswa kushtuka zaidi ya alivyoshtuka, na sasa alijilaumu kwa hilo.

"Warudishe."

"Mama Mbula, mbuzi wamelala tu. Kulala si kitu."

"Usinifanye mgeni. Mimi pia nililaziwa mbuzi."

Kiema akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Hakuna atakayechinja kitu mpaka tuongee. Nimesema."

Kiema hakuwa mtu mbaya, na huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe, maana mtu mbaya unajua pa kumkamatia. Alikuwa mtu aliyechoka. Ukame ulikuwa umekula mbuzi wake wote, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki Madoa peke yake, mbuzi jike mzee mwenye mabaka, ambaye bado alikuwa na maziwa kikombe kimoja asubuhi na nusu kikombe jioni. Maziwa hayo yote yalikuwa ya Kathini.

Kathini alikuwa mtoto wa mwisho. Alikuwa na miaka miwili na bado hajatembea. Saa hiyo alikuwa amelala kwenye mapaja ya nyanya yake, Katunge, mama yake Kiema, macho wazi, akitazama nzi bila kumfukuza. Pale zahanati walikuwa wakimfunga mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, na kila walipomfunga, rangi ilisogea karibu zaidi na nyekundu. Katunge alikuwa anamwimbia kitu cha zamani kwa sauti ya chini, na alipomwona Ndila anatazama mbuzi, hakuacha kuimba.

Ndila alitolewa Kasikeu akiwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa shambani anapalilia, mama yake akamwita, akamwekea kipande cha ini mkononi, akamwambia kula. Akala. Nani anakataa nyama? Jioni ile ile akaambiwa ana kwake, na kwake ni Kyuso, mahali ambapo hakuwa amewahi hata kupita. Harusi yake ilikuwa hiyo.

Mwaka uliofuata alishikwa na uchungu wa kuzaa, na uchungu ukakaa naye mpaka watu wakaacha kuhesabu. Mtoto alitoka amekufa. Daktari mmoja alikuja kumweleza baadaye kwamba nyonga zake zilikuwa bado za mtoto, mlango mdogo kuliko mgeni. Walimzika yule mdogo nyuma ya nyumba, hapo hapo ghala lilipokuja kujengwa, na hakupewa jina. Kisha Ndila akaanza kuvuja mkojo, usiku na mchana, bila kuuhisi, na haukukatika. Kanisani alikuwa akikaa nje, juu ya jiwe chini ya dirisha, kwa sababu ndani watu walikuwa wakihama benchi. Alisikiliza mahubiri mwaka mzima kupitia dirishani, na mwaka wa pili pia.

Na hapa lazima haki itendeke kwa Katunge. Kiema alikuwa kijana na aliona aibu, akaenda kutafuta vibarua Mwingi. Mama yake ndiye aliyebaki. Katunge alifua vitambaa vya mkaza mwanawe kwa majivu kila asubuhi, akavianika nyuma ya nyumba pasipoonekana, na siku moja akatoka kanisani katikati ya wimbo, akaleta jiwe lake, akaketi kando ya Ndila. Tangu siku hiyo walisikiliza mahubiri wawili. Ndila alimpenda kwa hilo kuliko alivyompenda mama yake mzazi, na hakuwahi kuona haya kulisema.

Mwishowe madaktari fulani walipiga kambi, wakamshona, akapona. Mbula alipatikana kwa kupasuliwa, mdogo kama sungura. Mimba mbili zilizofuata hazikushika. Halafu baada ya miaka mingi akaja Kathini, kabla ya miezi kutimia. Sasa Ndila alikuwa na miaka thelathini na mitano, na haya yote Mbula hakuyajua. Alijua tu kwamba mama yake hukaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, akadhani ni tabia.

Asubuhi Mbula alikuwa anafunga viatu vya shule, simu imechungulia mfukoni mwa sketi.

"Mami, nimewaona," alisema, akielekeza kidevu kwa mbuzi.

"Sikiliza. Usile nyama yoyote kwenye hii boma mpaka nikwambie. Hata mfupa."

"Kwani hiyo nyama ina nini?"

"Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini, mami, Munyao alisema ataniacha nimalize skul huko Kathonzweni. Kuna skul ya dei iko karibu na stoo yake. Na alisema ataleta chakula hapa, ata unga, ata maziwa ya pakiti ya Kathini." Alisema hayo akitazama kamba za viatu. "Si ati nampenda. Nasema tu."

"Wote husema hivyo."

"Na wewe uliolewa ukiwa mdogo kuniliko. Kwani ulikufa?"

Ndila alifungua kinywa. Lile jiwe chini ya dirisha lilimjia, na mtoto aliyelala chini ya ghala, na harufu, na watu wanaohama benchi, na vyote vikamkwama kooni kwa sababu hakuwahi kuvitamka kwa mtu. Aibu ya zamani ina nguvu za ajabu. Mtu anaweza kuona mwanawe anaelekea shimoni na bado akatafuta maneno ya heshima.

"Nenda, utachelewa," alisema.

Alipotoka, Ndila alipanda kilimani penye mtandao akampigia naibu wa chifu. Mtu huyo hakumficha. Sheria hairuhusu, alisema, msichana hajafika miaka kumi na minane, na mwanamume huyo anaweza kulala ndani. Lakini kwa sasa alikuwa Mwingi kwa mambo ya chakula cha msaada na angefika Jumatatu. "Mpaka Jumatatu, mama, hakikisha hakuna kinacholiwa. Kikishaliwa, wazee watanizungusha hapa mpaka mtoto azae."

Jumatatu. Kilichotakiwa ni beberu mmoja abaki hai mpaka Jumatatu. Ndila alirudi nyumbani, akachukua kile kisu kikubwa cha kuchinjia, akakificha chini ya godoro. Kana kwamba Kyuso nzima ilikuwa na kisu kimoja. Lakini mtu akiwa na hofu hufanya linalomjia mkononi, na alipolala juu ya kisu kile alipata usingizi kidogo. Beberu alilia mara mbili tatu usiku, na kila alipolia Ndila alimshukuru Mungu.

Jumamosi Kathini aliamka anatapika. Alitapika maziwa, akatapika maji, kisha akaendesha mpaka hakubaki na cha kutoa. Ndila alimfunga mgongoni kwa leso akashika njia ya zahanati, na katika haraka hiyo alisahau kabisa kuwatazama mbuzi. Njiani alikuwa akipapasa nyuma kila baada ya hatua chache kuhakikisha mguu wa mtoto una joto.

Muuguzi alikuwa msichana mgeni, mpole. Alimfunga Kathini utepe, akautazama, akauvuta tena kana kwamba umekosea.

"Wewe ni nyanya yake?" aliuliza.

"Mimi ni mama yake."

Muuguzi aliinama haraka akaanza kutafuta kitu kwenye droo. Alimpa chumvi ya kuchanganya na maji, na vile vipakiti vya karanga iliyosagwa. Alimwambia amlishe chochote ambacho mtoto atakubali, maziwa yasikatike hata siku moja, na kama kufikia kesho atakuwa hajakubali kula, ampeleke hospitali kubwa bila kungoja. "Hana akiba mwilini, mama. Huyu hana hata kidogo."

Mchana kutwa Kathini alikataa. Karanga aliitema, maji aliyatema. Ndila aliondoka zahanati jua likishuka, hajala tangu jana. Alikuwa anaomba kimoyomoyo, na ombi lenyewe lilikuwa fupi: ale.

Alipokaribia nyumbani aliona mlango wa boma umefagiwa. Tena umenyunyiziwa maji, katika wakati ambao watu walikuwa wanachimba mchanga wa mto mpaka kiunoni kupata ndoo moja. Aliliona hilo, akashangaa kidogo, lakini Katunge alikuwa anamwita kutoka jikoni kwa sauti ya haraka.

"Mama Mbula, pitia huku nyuma. Lete mtoto, lete mtoto."

Jikoni moto ulikuwa unawaka vizuri na sufuria ilikuwa inachemka. Katunge alimfungua Kathini mgongoni mwa mama yake, akamweka mapajani, akachota supu kidogo kwa kijiko, akaipuliza.

"Ni ya nini?" Ndila aliuliza.

"Mifupa. Nimepata mifupa. Ngoja tuone."

Kathini alifumba mdomo. Kisha ulimi ulitoka kidogo, ukagusa kijiko, ukarudi. Kisha mdomo ukafunguka. Katunge akamtia kijiko cha pili, cha tatu, na mtoto akameza, akameza tena, macho yake yakaacha kutangatanga yakatulia kwenye kijiko. Ndila alikaa chini akaanza kulia bila sauti. Hakukumbuka mara ya mwisho aliyofurahi namna ile.

"Na wewe kunywa," Katunge alisema. "Utambeba na nguvu gani kesho?" Akamjazia kikombe, akatia kipande cha nyama laini ndani yake.

Ni mtu gani angemuuliza swali mwanamke yule, mwanamke aliyefua vitambaa vile kwa majivu? Ndila alishika kikombe kwa mikono miwili akanywa. Supu ilikuwa na mafuta, mafuta ya mnyama aliyeshiba, na nyama ilivunjika kinywani bila kazi. Alikuwa ameshaimeza ndipo akafikiria mafuta. Mifupa ya sokoni mwaka ule ilikuwa mikavu kama kuni. Mnyama mwenye mafuta kama yale hakuwepo Kyuso, ila mahali pamoja.

Akageuka akatazama nje kupitia mlango. Chini ya ghala kulikuwa na majike wawili wa kahawia. Kamba ya tatu ilikuwa imeviringwa vizuri ikaning'inizwa mtini.

Katunge hakumtazama. Alipaza sauti kuelekea uwanjani, kwa adabu, kama mtu anayetangaza kwamba chai iko tayari.

"Mama Mbula amekula."

Na huko nje, upande wa mbele, wanaume walikohoa. Walikuwa wamekaa kimya muda wote huo, Kiema na Mzee Ndeti na wazee wengine wawili, kwenye viti, wakingoja tonge limshuke kooni. "Tumeshukuru," ilisema sauti ya Mzee Ndeti.

Ndila alitoka jikoni na kikombe bado mkononi. Alimwendea mumewe mpaka akasimama juu yake.

"Ulisema hamtachinja mpaka tuongee."

"Tungeongea lini?" Kiema hakuinua macho. "Ulikuwa umeenda na mtoto. Mama akasema mtoto anakufa na njaa, na nyama iko hapa imefungwa. Nimwambie nini?"

"Mmemlisha mtoto wangu mmoja kwa kumuuza mwenzake," Ndila alisema.

Wazee walitazama chini. Katunge alikuwa amemfuata, Kathini begani.

"Usiseme hivyo, mwanangu," alisema. "Nimefanya kile naona. Huyu mdogo anaisha. Munyao ataleta unga, ataleta maziwa. Mbula ni mkubwa. Mimi nililetwa hapa kabla ya matiti kuota, na si niko hapa nasimama? Nilizaa watoto tisa."

"Ulilea wangapi, mwaitu?" Ndila aliuliza, akimwita mama.

Hakuna aliyekuwa amewahi kumuuliza Katunge swali hilo. Alihamisha mtoto kutoka bega moja hadi lingine, akatazama nyuma ya nyumba, kule kulikokuwa na virundo vidogo vya mawe ambavyo kila mtu bomani alijifunza kuvizunguka bila kuuliza.

"Kiema," alisema hatimaye. "Na yule dada yake aliyeolewa mbali."

Mzee Ndeti alikuwa mtu wa taratibu zake na hakupenda kelele. Alisubiri, kisha akasema kwamba hajaja kuiba mtoto wa mtu. Mama akiwa na maneno, njia ipo, ni ya zamani, na yeye ataiheshimu. Mbuzi warudishwe ng'ambo kabla msichana hajavuka. Wawili wale wako hai. Wa tatu ameliwa, basi atalipwa kwa mbuzi mwingine aliye hai, kutoka zizi la msichana mwenyewe. Si wa kuazima, si wa kununua. "Wakifika watatu nyumbani kwangu, mimi na Munyao tumefunga mdomo," alisema. "Wasipofika, kijana atakuja na gari Jumatatu asubuhi."

Wote wakageuka bila kutaka. Zizini alikuwemo mbuzi mmoja, Madoa, anacheua, kiwele chake kidogo kimelegea katikati ya miguu.

"Basi kesho alfajiri navuka naye," Ndila alisema.

"Na huyu atakunywa nini?" Kiema aliuliza, akimwonyesha Kathini. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu hakujua, na Ndila naye hakujua.

Mbula alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni, ndoo ya maji mkononi. Walikuwa wamemtuma mtoni mapema ili asiwepo. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

Wageni walipoondoka, Ndila alimketisha Mbula karibu na mafiga. Maneno yaliyomkwama kwa miaka kumi na sita yalitoka jioni ile, yakitangulizana ovyo, ya mwisho kabla ya kwanza. Alimwambia habari za nyonga. Alimwambia habari za jiwe, na dirisha, na benchi zilizohamwa. Alimwambia kwamba ana kaka, yuko chini ya ghala, na kwamba kila anapopanda kutoa mahindi humwomba msamaha kwa kumkanyaga. Alimwambia muuguzi alimwita nyanya. Alimwambia kwamba hata yeye, Mbula, alizaliwa hatoshi kiganja, na Kathini ndiye huyo, kwa sababu tumbo lililoharibiwa mapema halikupata tena nafasi ya kupona sawasawa.

"Uliniuliza kama nilikufa," alisema. "Ni kidogo tu ilibaki. Na kipande kingine kilikufa kweli."

Mbula alisikiliza amekumbatia magoti. Hakulia. Moto ulipopungua aliuliza swali moja tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu."

Mbula alitikisa kichwa polepole. Kisha akanyoosha mkono akamchukua Kathini, akamlaza kifuani, akawa anampigapiga mgongoni kama anavyofanyiwa mtoto mchanga. "Na muuguzi alisema maziwa yasikatike," alisema. "Si ndio?"

"Tutapata njia."

"Njia gani, mami?"

"Mungu ataonyesha. Kesho tunavuka pamoja, mimi na wewe. Ukimwona Mzee Ndeti anahesabu mbuzi kwa macho yako, utalala."

"Sawa," Mbula alisema. Alikaa naye hivyo mpaka mtoto akasinzia.

Ndila alilala akiwa amechoka na amepunguziwa mzigo. Ndani ya uchovu ule alijisikia mwepesi, karibu furaha, kwa sababu aliona kwamba amesikilizwa. Na kweli alikuwa amesikilizwa.

Kilichomwamsha ni Madoa. Alikuwa anapiga kelele za mbuzi anayetaka kukamuliwa, na jua lilikuwa limeanza kugusa paa. Ndila aliruka kitandani, maana alikuwa amechelewa, alitaka kuvuka kukiwa na giza. Akakimbilia nje. Majike wawili walikuwepo chini ya ghala. Madoa alikuwepo zizini. Wote watatu wapo, na kwa pumzi moja moyo wake ukatulia.

Kisha akaona sare ya shule. Ilikuwa imekunjwa kwa uangalifu, sketi chini, shati juu, sweta juu ya shati, imewekwa kwenye mti wa mlango wa zizi, pale pale ambapo mkono wa mtu anayekuja kumtoa Madoa lazima uguse. Viatu vilikuwa juu yake, kamba zimefungwa pamoja.

Katunge alikuwa ameketi chini nje ya jikoni, miguu imenyooshwa, kichwa wazi bila kitambaa.

"Nilisikia kanta," alisema. "Lilisimama kule barabarani, halikuzima taa. Nilifikiri ni mtu wa miraa." Alipitisha mkono usoni. "Alimpigia mwenyewe na hiyo simu. Nilimshika leso, mama Mbula, nilimshika. Akaniambia, susu, wacha. Mwambie mami nimesikia yote. Mwambie Madoa asiende."

Ndila alisimama ameshika sare. Kathonzweni. Hakujua stoo ile iko upande gani wa soko, hakujua hata kama nyumba ya Munyao ni ya kupanga au yake. Alijua mambo mengine. Alijua siku zitakavyokwenda, na mwezi wa kwanza, na wa tisa, na umbo la nyonga za Mbula, ambazo zilikuwa zake mwenyewe, alizompa. Angempigia chifu, angepanda gari, angegonga kila mlango wa Kathonzweni mpaka apate ule wenyewe. Angeanza leo. Alijiambia hivyo kwa sauti, na Katunge akainua uso kana kwamba anangoja kuambiwa aje naye, aketi kando yake. Ndila hakumwambia.

Ndani, Kathini alikuwa ameamka na alianza kulia, kilio kidogo cha mtoto asiye na akiba. Ndila aliweka sare mahali alipoikuta. Akachukua kikombe, akaingia zizini, akapiga magoti nyuma ya Madoa, akakamua. Maziwa mengine yalimwagika vumbini, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alipomaliza aliingia ndani, akamwinua Kathini, akamwegemeza kwenye mkono wake, akamwekea kikombe mdomoni.

Kathini alikunywa. Alikunywa bila kutema, bila kupumzika, mpaka chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikishika kikombe mwenyewe kwa mikono miwili, akamnyooshea mama yake aongezewe.